Kabati la Kirumba lililojizima kila magharibi

Mama mwenye banda la gemu alinipigia Jumatano, saa moja na nusu usiku. Kabla hajasema neno nilisikia vijana nyuma yake wakiguna kwa pamoja. "Fundi, imezima tena," akasema. "Wamefika raundi ya mwisho, imezima tena. Nitarudisha hela za watu hadi lini?"

Banda lake liko Kirumba, Mwanza, kwenye mteremko wa kushukia soko la samaki la Mwaloni. Ana TV bapa tatu zenye PS, na tangu mwaka jana ana kitu ambacho watoto wa mtaa ule walikuwa hawajawahi kukigusa: kabati la gemu la Kijapani, la kuchezea umekaa, lenye kioo cha chogo cha inchi 29 na jostiki mbili. Ndani yake mna bodi ya Neo Geo ya kampuni ya SNK, yenye tundu moja la kaseti, na kaseti ya The King of Fighters '97.

Mfumo wa Neo Geo ulitoka Japani mwaka 1990. Uzuri wake kwa mwenye banda ni kwamba akitaka gemu nyingine hanunui bodi nzima, anachomoa kaseti na kuchomeka nyingine. Kaseti ya mwisho rasmi ilitoka 2004. Hata kile kichanga kabisa katika ukoo huu kimeshavuka miaka ishirini, na kila fundi aliyetangulia kuliangalia kabati la Mama alianzia hapo hapo: "Hiyo mashine imezeeka, mama." Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu sikubaliani na neno hilo. Kabati lilikuwa na maradhi yanayopimika kwa tesita ya kawaida, na uzee ulikuwa jina tu tuliloyapa kabla hatujapima.

Nianze na ununuzi. Mama aliliona kwa muuzaji wa Dar es Salaam kupitia simu. Akatumiwa video ya sekunde arobaini: picha inang'aa, wapiganaji wanarushiana mateke, sauti ipo. Akalipa shilingi 900,000, na nyingine 150,000 kwa lori lililolileta zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mwanza. Muuzaji hakumdanganya. Video ilikuwa ya kweli, ila video ya mashine iliyokwisha kuwaka inaonyesha kwamba inaweza kuwaka, basi. Ningemshauri aombe kuiona ikiwashwa ikiwa baridi, kisha aione tena baada ya saa mbili bila kuzimwa. Angeomba mlango wa nyuma ufunguliwe, apigiwe picha ya betri ya bodi, picha ya pale bodi inapochomekwa kwenye nyaya, na picha ya kibati kinachoeleza kabati linataka volti ngapi. Japani wanatumia volti 100, sisi 230, na mtu fulani katikati ya safari hiyo lazima awe amefanya kitu kuziba pengo hilo. Ni muhimu kujua alifanya nini.

Kwa wiki mbili za mwanzo kabati lilichapa kazi. Kisha likaanza tabia yake. Mchana halina shida. Ikifika saa kumi na mbili, saa moja, picha inasinyaa kidogo kutoka pembeni, inayumba kama inatazamwa kupitia maji, na baada ya muda gemu linakatika: skrini nyeusi, sekunde chache, nembo ya SNK inarudi kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa. Fedha ya mchezaji imekwenda. Mama akasema ni umeme mdogo wa jioni, na hakuna anayeishi uswahilini asiyejua umeme mdogo wa jioni. Fundi wa kwanza akazungusha kitufe cha volti kwenye pawasaplai, hali ikatulia siku nne, ikarudi. Fundi wa pili akasema bodi imekufa, anunue ile ya Kichina yenye gemu nyingi ndani.

Alhamisi asubuhi nilifika na kijana ninayemfundisha kazi. Kabla sijagusa bodi niliweka ncha moja ya tesita kwenye paneli ya chuma ya jostiki na nyingine kwenye msumari niliouchomeka kwenye udongo wenye unyevu nje ya mlango. Ikasoma volti 92.

Sitaki kulipita jambo hili haraka. Wateja wa Mama ni watoto na vijana ambao nusu yao wanapanda kutoka ziwani. Wanaingia miguu mitupu, kaptura zinachuruzika, wanakaa kwenye kiti cha plastiki na kushika chuma kwa mikono miwili. Mmoja aliniambia, "Huwa inatekenya kidogo, tumezoea." Nililizima kabati pale pale nikamwambia Mama halitawashwa kwa mteja yeyote hadi niseme. Alinielewa, ingawa ilikuwa siku mbili kabla ya Jumamosi, siku yake ya mauzo makubwa.

Chanzo kilikuwa hiki. Monita nyingi za enzi zile zinageuza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja bila kujitenga nao, kwa hiyo "nchi" ya ndani ya monita, yaani waya wake wa kuhesabiwa sifuri, inabaki imeunganishwa na laini. Ndiyo maana kabati la monita ya namna hiyo hubeba transfoma ya kutenganisha: koili mbili zisizogusana, umeme unavuka kwa sumaku tu. Ya kabati hili ilikuwa imeondolewa. Mahali pake mtu aliweka kile kisanduku cha kushusha volti kinachouzwa madukani kwa ajili ya vifaa vya Kijapani. Vingi vya visanduku hivyo vina koili moja tu iliyotobolewa katikati. Vinashusha volti lakini havitenganishi chochote. Utakitambua kwa tesita: pima upitishaji kati ya waya za kuingilia na za kutokea. Zikisomana, si cha kutenganisha. Kwa njia ya waya za picha, nchi ya monita ikawa imeungana na nchi ya bodi, na ya bodi imefungwa kwenye mwili wa kabati.

Waya wa ethi nao ulikuwa umekatwa kwenye plagi. Umekatwa kwa koleo, safi kabisa. Nadhani aliyeukata aliona fyuzi inaruka kila akiwasha, akatafuta njia ya kuinyamazisha. Fyuzi ilikuwa inasema kweli.

Pale Makoroboi kuna fundi anayesuka mota, nikampelekea vipimo: 230 kuingia, 100 kutoka, koili mbili tofauti, voltiampea 300. Akaisuka siku moja. Kazi ngumu ilikuwa ethi yenyewe. Jiji letu limekaa juu ya mawe, na pembeni ya banda kila tulipopigilia fimbo ya shaba ilidunda baada ya sentimita thelathini. Tulizunguka na nyundo karibu saa zima hadi tukapata ufa kati ya miamba miwili nyuma ya choo, penye udongo mweusi unaokaa na maji, fimbo ikazama yote. Kwenye ukuta tukafunga saketi breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Paneli ya jostiki ikasoma sifuri. Hapo ndipo nikakubali kuanza kutafuta kwa nini gemu linakatika.

Bodi za gemu za miaka hiyo huchomekwa kwenye koneksheni ya kiwango kinachoitwa JAMMA, kilichopitishwa na chama cha watengenezaji wa Japani mwaka 1985. Ina pini 56, ishirini na nane kila upande, na kila kitu kinapita humo: umeme, rangi za picha, spika, jostiki, sarafu. Pini nne, 3 na 4 za kila upande, ndizo zinazobeba volti 5 ambazo akili yote ya bodi inakula. Chipu za zama zile zimeandikiwa volti 4.75 hadi 5.25.

Nilipima kwenye pawasaplai, nikapata 5.74. Huo ndio mkono wa fundi wa kwanza. Nikapima kwenye bodi yenyewe, juu ya mguu wa chipu: 4.98. Nilikaa kimya kidogo. Mtu angepima kwenye bodi tu, angesema kila kitu ni sawa. Angepima kwenye pawasaplai tu, angesema volti zimezidi. Ukipima jikoni na mezani ndipo unajua kuna chakula kinaliwa njiani: volti 0.76 zilikuwa zinapotea kati ya sehemu hizo mbili. Nikaziwinda kwa kuweka ncha moja ya tesita pawasaplai na nyingine kwenye bodi, waya ule ule mmoja. Upande wa volti 5 zilipotea 0.45, upande wa nchi 0.31. Bodi ilikuwa inakunywa kama ampea 3. Kwa hesabu ya Ohm, 0.76 gawanya kwa 3, kuna ukinzani wa robo ohm kwenye njia. Robo ohm ni kitu kidogo mno kwenye makaratasi. Ila 0.76 mara 3 ni zaidi ya wati 2 za joto, zimekaa kwenye ncha za pini chache. Nikachomoa bodi. Pini ya 3 ilikuwa ya kahawia, plastiki yake imepinda, na shaba imefunikwa utando mweusi.

Kijana wangu akawa ameshachukua spiriti na kifutio. "Kaka, nisafishe tujaribu?" Hapa tungeiua bodi wenyewe. Pawasaplai ilikuwa imepandishwa hadi 5.74 ili kufidia pini chafu. Ukizisafisha pini bila kuishusha kwanza, fidia ile yote inaingia kwenye chipu za miaka thelathini. Bodi ingeweza kufa siku ile ile, nasi tungesema mashine imezeeka. Tukaishusha hadi 5.05, ndipo tukaanza kusafisha.

Lakini nilitaka kujua, kwa nini jioni? Sikutaka kukisia. Jumamosi, kabla koneksheni mpya haijafika, nilirudishia koneksheni ile ile iliyoungua, tuliyokuwa tumeisafisha nusu tu, nikapandisha kitufe polepole huku nikipima kwenye bodi hadi nikakaribia vipimo vya mwanzo, nikaliacha kabati likiwaka kuanzia saa nne asubuhi bila wateja na mlango wa nyuma umefungwa. Umeme wa ukutani ulikuwa volti 231, mzuri kabisa. Kila robo saa niliandika volti za kwenye bodi. Zilishuka polepole: 4.95, 4.90, 4.83. Ilipofika 4.61, baada ya saa mbili na dakika kumi, skrini ikawa nyeusi na nembo ikarudi. Mchana kweupe, umeme umejaa. Jumatatu nilifanya kinyume: nikangoja saa moja jioni, umeme wa ukutani ukiwa 198, nikaliwasha likiwa baridi. Picha ikasinyaa papo hapo. Gemu halikukatika hata mara moja kwa saa nzima.

Basi yalikuwa magonjwa mawili yaliyokuwa yanakutana saa ile ile. Kusinyaa kwa picha kulitokana na umeme mdogo: 198 ukutani inatoa kama 86 kwenye transfoma badala ya 100, na monita ile haina uwezo wa kujirekebisha kiasi hicho. Kukatika kwa gemu hakukuhusu umeme wa jioni hata kidogo. Kulitokana na kuwaka muda mrefu, na kabati la Mama huwaka muda mrefu jioni kwa sababu ndipo shule zimetoka. Pini inapata moto, moto unaongeza utando, utando unaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza moto. Volti zikishuka, prosesa inapotea njia. Ndani ya bodi kuna mlinzi ambaye prosesa lazima impigie hodi mara nyingi kila sekunde. Asiposikia hodi, analirudisha gemu mwanzo. Kujizima kule kulikuwa bodi ikijiokoa.

Koneksheni mpya na nyaya nene za umeme niliziagiza Kariakoo, zikaja kwa basi hadi stendi ya Nyegezi baada ya siku tisa. Kuzilehemu ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Sasa turudi kwa ile bodi ya gemu nyingi. Bodi za namna hiyo kwa kawaida zinakunywa umeme kidogo kuliko Neo Geo. Mama angeichomeka kwenye koneksheni ile ile iliyoungua, ingefanya kazi, labda miezi kadhaa. Kila mtu angeamini kwamba bodi ya zamani ilikuwa imekufa kweli, kwa ushahidi wa macho. Bodi inayofanya kazi ingetupwa, au ingeuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hili linaniuma kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu kipuri kipya kikifanya kazi hakuna anayerudi kuuliza kile cha zamani kilikuwa na kosa gani.

Bodi ilikuwa na deni moja kweli. Karibu na ukingo wake kuna betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, ya kutunza alama na mipangilio. Betri hizo zikizeeka zinatoka maji, na maji hayo yanakula shaba. Hii ilikuwa imeshaanza, ukoko wa kijani na buluu umefunika njia nne nyembamba. Nikaikata, nikapaka siki kwa mswaki kwa kuwa uchafu ule ni wa alikali, nikasafisha kwa spiriti, nikaanika siku nzima, kisha nikaunganisha njia mbili zilizokatika kwa waya mwembamba kama unywele. Badala yake nikaweka kikalio cha betri ya kifungo, CR2032, na dayodi moja, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Dayodi hiyo si ya hiari: bodi inajaribu kuichaji betri yake, na CR2032 haichajiwi. Gemu lenyewe huchezeka hata bila betri. Mwenye Neo Geo ambaye hajafungua kabati lake aifungue wiki hii, aitoe betri kwanza, mengine yatasubiri.

Monita nilimwachia mzee mmoja aliyetengeneza TV za chogo maisha yake yote. Nilikaa pembeni kama mwanafunzi. Kabla ya yote alifunga bisibisi ndefu kwa waya hadi kwenye ule utepe wa chuma unaozunguka mgongo wa tyubu, akaipenyeza chini ya kikombe cha mpira. Tuliisikia ikilia tap. Tyubu ya ukubwa ule hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na hubaki nazo hata plagi ikiwa mkononi mwako. "Kijana," akamwambia mwanafunzi wangu, "mkono mmoja mfukoni. Daima." Akabadilisha kapasita zote za elektroliti, mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na za nyuzi joto 105 kwa kuwa mle ndani ni tanuri. Koili ya shingoni mwa tyubu, inayoelekeza picha, hakuigusa, maana ukiisogeza rangi zinaachana na kuzirudisha ni kazi ya siku nzima.

Alichokitoa chini ya monita kilijaza nusu kikombe: vijidudu vya ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji na kufuata taa usiku. Walikuwa wamekauka kwenye flaibaki, transfoma inayozalisha volti kubwa za tyubu, na kuzunguka waya wa volti kubwa, wakishika unyevu. Mama alikumbuka sauti ya kuchachatika kama dagaa kwenye mafuta, usiku wa mvua. Tulishona chandarua kwenye matundu yote ya hewa, nacho kinafuliwa kila Jumapili, vinginevyo kinaziba na kabati linaungua kwa joto.

Kuna jambo dogo la sarafu. Mdomo wa sarafu wa Kijapani unaitambua yeni 100, hauijui shilingi yetu. Tuliuacha umefungwa, tukavuta waya hadi kwenye kaunta: mteja analipa shilingi mkononi, Mama anabonyeza kitufe, kabati linahesabu sarafu moja. Ilisaidia pia mtendaji wa mtaa alipokuja kuuliza kama hili ni dubwi. Mashine za kubahatisha zina bodi ya serikali inayozisimamia na leseni zake. Mama alimkalisha, akambonyezea bure, akamwonyesha kwamba hakuna tundu la kutolea hela. Alicheza raundi tatu.

Gharama yote ya matengenezo, transfoma, shaba, breka, koneksheni, kapasita na ujira wa mzee na wangu, ilifika shilingi 385,000. Mama aliumia, nami sikumficha kwamba angeuliza maswali kabla ya kununua angepunguziwa bei kiasi hicho au zaidi.

Kwa sasa binti yake wa kidato cha tatu ndiye mwenye tesita. Nilimwonyesha sehemu mbili za kupima, nikazitia rangi nyekundu, na kila Jumapili wakati chandarua kinakauka, kabla hajazima, anaandika kwenye daftari la hesabu: pawasaplai, bodi, ukutani. Mstari wa mwisho niliouona ulisema 5.08, 5.01, 204. Picha bado inasinyaa upana wa kidole umeme ukishuka chini ya 190, na bunduki nyekundu ya tyubu, ile inayochora rangi nyekundu, imeanza kuchoka. Ngozi za wapiganaji zinaelekea kijani kwa dakika tano za kwanza hadi ipate moto. Mzee wa chogo ana tyubu moja ya inchi 29 stoo kwake, ya TV iliyopigwa radi ambayo kioo chake hakikuguswa. Tutakwenda kupima koili yake mwezi ujao.